Sumbawanga Maana Yake Tupa Uchawi: Basi Tuutupe, Kiwanjani na Nyumbani



Tulikuwa Unguja kwenye hina ya mwenzetu. Bi harusi ameshasingwa, mikono ameinyoosha juu ya mto anasubiri piko likauke. Akaingia shangazi yake na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi, akakisukumiza chini ya mto. "Mwanangu, mumeo anakupeleka Sumbawanga. Huko hakwendwi mikono mitupu." Chumba kizima kikacheka.

Sisi hatukucheka. Sisi ni wake wa Kiunguja na Kipemba tuliofuata waume zetu kikazi huko huko Sumbawanga, na tumechoka. Tena tumechoka mara mbili, maana sisi ni mashabiki wa mpira, Simba na Yanga tumo humu humu, na maneno ya shangazi yule ndiyo tunayoyasikia kila timu kubwa inapofungwa.

Mnakumbuka tarehe 22 Oktoba 2020? Tanzania Prisons waliifunga Simba bao 1-0 katika uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Simba walikuwa mabingwa watetezi. Simu zetu hazikupoa usiku ule. "Mlitegemea nini? Si Sumbawanga hiyo!" Hakuna aliyesema kuwa Prisons walicheza vizuri. Hakuna aliyekumbuka kuwa Prisons yenyewe ni timu ya Mbeya, na msimu ule iliutumia uwanja wa Sumbawanga kama nyumbani. Na msimu ulipokwisha ubingwa ukarudi kwa Simba wale wale, hakuna aliyetuuliza ule uchawi ulikwenda wapi.

Wenyeji wanatueleza kuwa kwa Kifipa jina la mji huu maana yake ni "tupa uchawi". Anayeingia auache nje. Sasa tazameni kinyume chake: mji unaotuamuru tuutupe ndio tunaousingizia kuwa ni ghala lake, na sisi tunaousingizia ndio tunaokuja nao, umeshonewa kitambaa cheusi.

Tunawaambia mliokuwa hamjafika. Ufipa ni uwanda wa juu, Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Watu wake wengi ni Wakristo, Wakatoliki hasa, na Waislamu tupo, misikiti ipo na adhana inasikika. Mahindi ya Rukwa yanalisha watu mbali. Yanapatikanaje? Tangu enzi za mababu, Mfipa hukata majani, huyafukia kwenye tuta la mviringo linaloitwa ntumba, yakaoza, ardhi ikapata nguvu, ndipo akapanda. Ni jembe, jasho na subira. Hatujamuona jirani yetu hata mmoja akiliroga shamba likaota.

Sasa turudi kwenye mpira wetu, tena tusiuoneshee kidole mkoa wa mtu. Mwaka 2003 chama cha soka cha nchi, wakati huo FAT, kiliwatoza faini Simba na Yanga wote wawili kwa vitendo vya kishirikina kiwanjani. Mwaka 2022 Simba walikwenda Afrika Kusini kucheza na Orlando Pirates, robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Kabla ya mechi moto ukawashwa katikati ya uwanja, na CAF ikaja kuwatoza faini. Mechi yenyewe? Pirates walishinda 1-0, jumla ikawa sare, wakaenda kwenye penalti na Simba wakatoka. Moto uliwaka, wavu haukuujali.

Na haya tumezoea mpaka yamepata jina la heshima: kamati ya ufundi. Timu inaruka ukuta, lango lipo wazi. Wachezaji wanavalia jezi kwenye basi kwa kuogopa chumba cha kubadilishia nguo. Mtangazaji anacheka, na sisi sebuleni tunacheka naye, tunawapa watoto juisi, kisha inaadhiniwa Magharibi tunatandika miswala tunasema hapana wa kuabudiwa kwa haki ila Allah. Dada zetu, hivi tunamcheka nani?

Wapo watakaotujibu kuwa uchawi upo, umetajwa katika Qur'an. Ndiyo, umetajwa. Sura ya Al-Falaq inatufundisha tujikinge kwa Mola na shari ya wapulizao mafundoni. Tujikinge kwa Mola, si kwa fundo jingine. Kuamini kuwa nyoka yupo si ruhusa ya kumfuga. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Siku arubaini! Kwa ajili ya pointi tatu?

Wapo watakaosema ni utani tu, ni kuwapa vijana moyo. Moyo gani huo? Kipa anayeambiwa kuwa goli lake limefungwa na mganga ataacha kufanya mazoezi ya krosi. Kiongozi anayelipa mganga anamnyima mshambuliaji mshahara. Na shabiki aliyefundishwa kuwa kila kipigo ni uchawi hatajifunza kumpa mpinzani haki yake. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tunaongeza: asiyekubali kushindwa hajaielewa na qadar.

Na dini yetu imetuonesha vipi kushindwa kwa adabu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), Bibi Aisha akashinda. Baadaye, mwili wa Bibi Aisha ulipoongezeka, wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hiyo ni kwa ile. Alikuwa na ngamia wake, Al-Adhbaa, asiyepitwa. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakaumia. Yeye akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah, hakuna kitu kinachopanda hapa duniani ila Yeye hukishusha. Hakumtafuta mchawi wa bedui. Basi kama ngamia wa Mtume alipitwa, Simba na Yanga ni nani wasifungwe Sumbawanga?

Tuliiona adabu hiyo mwaka 2022 kule Qatar. Morocco walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na wachezaji wakiwakumbatia mama zao kiwanjani. Ufaransa wakawafunga 2-0. Kipenga kilipolia, wachezaji wa Morocco waliwaendea mashabiki wao wakasujudu. Wengi wanasujudu wakifunga goli. Wale walisujudu wamefungwa.

Mtasema, bi harusi anaingiaje hapa? Anaingia kwa mlango mkubwa. Yule anayeamini kuwa mechi inashindwa kwa unga uliomwagwa golini ndiye huyo huyo atakayekuja kumnong'oneza mwari kuwa ndoa inashikwa kwa limbwata. Mume akichelewa kurudi, "amefanyiwa". Mimba ikikawia, "kuna mtu". Na huyo "mtu" kila mara ni mwanamke: mke mwenza, wifi, mama mkwe, au bibi kizee jirani mwenye macho mekundu. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa sababu hiyo, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Kwa hiyo msituambie ni utani. Utani wa jukwaani unateremka ngazi, unapanda daladala, unafika jikoni, na anayelipa ni mwanamke.

Basi tunasema wazi. Shabiki Muislamu, timu yako ikiruka ukuta, usipige vigelegele, hata kama ni yako, tena hasa kama ni yako. Viongozi wa klabu, fedha ya mganga pelekeni kwenye viatu vya watoto na mishahara ya wachezaji. Akina mama, mtoto akitoka kiwanjani amefungwa, muulizeni alikosea wapi, msimuulize nani kamroga. Na nyinyi masomo mnaofunda wari, funzeni adhkari za asubuhi na jioni, funzeni kauli njema na kusameheana, na mwambieni mwari kuwa ndoa nayo ina siku za kufungwa, nazo hupita.

Na wenyeji wa Ufipa, majirani zetu mliotupokea na kutupa maharage ya shambani kwenu kabla hatujajua hata kuwaamkia kwa lugha yenu, tunawaomba radhi kwa kila mzaha uliosemwa kwenye sebule zetu.

Usiku ule wa hina shangazi alipotoka, bi harusi alituita karibu, macho yamemtoka. "Niambieni kweli, huko kuna nini? Nichukue kinga gani?" Tukamwambia kweli. Ayatul Kursiy anayo kifuani tangu chuoni. Kingine achukue sweta mbili na soksi nzito. Akacheka mpaka piko likataka kuharibika, kisha akatuomba tukitoe kile kifurushi chini ya mto. Tukakitoa.

Allah azitakase nia zetu, azitie baraka ndoa za mabinti zetu, na atupe nyoyo za kushukuru tukishinda na kusubiri tukifungwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.