Kwa Nini Nimeridhia Mwanangu Atiwe Katika Majaribio ya Dawa

Newcastle, Uingereza

Kwa wazee wangu na jamaa wote wa Tukuyu na Rungwe,

Nimeona ni wajibu wangu kuwajibu kwa waraka mmoja ninyi nyote mnaoniuliza, wengine kwa huruma na wengine kwa ghadhabu, sababu ya kuridhia mwanangu atiwe katika majaribio ya dawa ilhali hakuna tabibu aliyeniahidi kuwa mtoto atapona.

Maradhi yake, yaitwayo Duchenne, hutokana na kasoro katika kinasaba cha kutengeneza distrofini, protini inayoikinga misuli isidhurike kila inapofanya kazi; na kwa kuwa kinasaba hicho kimo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu, aghalabu wanaougua ni wavulana, ambao huanguka mara kwa mara, huinuka kwa kujikongoja na mikono mapajani, na hatimaye miguu hushindwa kuwabeba. Basi msimtuhumu mama yake, wala msimtafute mchawi, maana kasoro hii huzuka hata katika ukoo usiopata kuijua kamwe.

Mmesema nimemuuza mtoto. La hasha! Kabla ya kutia sahihi hati ya ridhaa nilielezwa madhara yanayoweza kutokea, nikaambiwa tunaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Naye mwenyewe, ijapokuwa ni mdogo, aliulizwa akakubali. Katika majaribio haya wapo watakaopewa dawa, na wapo watakaopewa kitu mfano wake kisicho na dawa ndani, wala si mimi wala si tabibu ajuaye nani kapewa kipi, ili pasiwe na upendeleo wakati wa kupima anavyoinuka sakafuni na anavyotembea. Hilo linaniuma hata sasa. Lakini dawa ya Duchenne iitwayo vamorolone, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2023, isingalijulikana nguvu yake lau wazazi wa wavulana 121 wasingaliivumilia shaka hiyohiyo.

Nanyi utafiti si mgeni kwenu, kwani hapo Tukuyu kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mkimwona mvulana aangukaye hivyo, mpelekeni hospitali ya Makandana, mkaombe rufaa ya Mbeya ikibidi, kwa sababu steroidi, ambazo hupunguza kasi ya maradhi, hufaa zaidi zikianzwa angali anatembea. Na mama yake msimwache aende peke yake.