Asiyetajwa Halishwi



Wako wanaosema kuwa wakati wa vita midomo ifungwe na mikono ifanye kazi. Neno hili lina sura ya uzalendo, lakini ndani yake mna dhulma. Siri ya jeshi ni amana, na anayeitoa ni mhaini. Lakini chakula cha mjane, dawa ya majeruhi na nguo ya yatima, je, navyo ni siri ya jeshi?

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, waliuawa Waislamu wapatao 70. Mmoja wao alikuwa Saad bin Rabii. Ndugu yake akaichukua mali yote, na mabinti wawili wa marehemu wakabaki mikono mitupu. Mama yao hakunyamaza eti kwa kuwa umma uko vitani. Alikwenda nao kwa Mtume (S.A.W.) akaeleza shida yake. Ikateremka hukumu: mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho cha ami. Zingatia basi: mirathi tunayogawana hadi leo imepitia mdomoni mwa mjane wa vita.

Sasa tuje kwetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Nchi nzima iliijua sababu ya vita, na kwa kuwa iliijua, ilitoa: vijana wa mgambo, ng'ombe, nafaka na fedha. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hilo ni neno la hadharani lililozaa msaada.

Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda haikufunguka. Sukari na sabuni zikawa za foleni. Ni kweli kuwa mafuta yalipanda bei duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika mwaka 1977. Lakini chama kilikuwa kimoja, na redio ilikuwa ya serikali. Neno la kuomba lilifika kila kijiji. Neno la kuuliza halikuwa na jukwaa. Na pasipo jukwaa, mlemavu wa vita na mjane hutegemea huruma ya afisa, si haki inayojulikana na wote.

Hapa Bulyanhulu tunaijua nguvu ya kuuliza. Mwaka 2017 makinikia ya dhahabu yalijadiliwa Bungeni hadi vijiweni, na shauri lile likaitwa vita vya uchumi. Mwaka 2020 ukatiwa saini mkataba ulioipa serikali asilimia 16 ya hisa. Basi ikiwa dhahabu huhesabiwa hadharani, kwa nini shilingi ya yatima ihesabiwe gizani? Je, damu ni nyepesi kuliko dhahabu?

Wala usidhani haya ni ya kale. Desemba 2017 askari wetu wa kulinda amani zaidi ya kumi waliuawa Kongo Mashariki. Nao walikuwa na wazee na jamaa waliowategemea.

Kwa hiyo, msomaji, ukiombwa mchango wa vita, toa. Kisha simama katika mkutano wa kijiji uulize: kimekusanywa nini, amepewa nani, kimebaki wapi? Atakayekuita msaliti kwa maswali hayo, mtazame mikono yake.