Shotigani ya Kujikoki Haifai Kulinda Shamba la Pwani

Ndugu mkulima, mahindi yakianza kubeba swali ni lile lile, kuanzia Kiwangwa hadi Matipwili: "Bwana shamba, tununue shotigani gani ya kujikoki, imara na isiyo na matengenezo mengi?" Uchungu wenu naujua. Nguruwe pori wakiingia usiku mmoja, kazi ya miezi mitatu imekwisha. Lakini jibu langu ni moja: ya kujikoki usinunue.

Tuanze na chombo chenyewe. Ukifyatua, hutoa ganda na kuingiza risasi nyingine bila mkono wako. Nyingi hutumia gesi ya baruti, inayopita kwenye vitundu vya mtutu na kusukuma pistoni. Nyingine hutumia msukumo wa bunduki kurudi nyuma. Zote zina springi na vyuma vidogo vingi. Masizi yakiziba vitundu, au risasi ikiwa hafifu, ganda hukwama. Na hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi; masika ikifika hata jembe lililo ndani linapata kutu. Fundi wa silaha hayupo kijijini, na kipuri hakiuzwi gulioni.

Wauzaji husema silaha hizi si ngeni duniani. Kweli, Browning Auto-5 ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini uzee wa chombo haukupi wewe fundi wala kipuri.

Lililo zito zaidi ni usalama. Ikikwama gizani, huoni kama kuna risasi ndani. Isipokwama, risasi ya pili iko tayari kabla hujajua ya kwanza imempata nani. Jirani naye yuko kwenye dungu lake analinda. Marisau hayachagui kati ya nguruwe na mtu.

Kama tayari una sababu na kibali, chukua ya mtutu mmoja au miwili inayokunjwa katikati. Ukiikunja unaona chemba kwa macho: ina kitu au haina. Kabla ya kusafisha, toa risasi. Pitisha kitambaa kwenye mtutu, futa masizi, paka mafuta mepesi, rudia kila ikinyeshewa. Ifungie kwenye kabati la chuma, risasi zikae mahali pengine penye kufuli. Wewe mwenye duka, mwizi akijua una silaha, ataifuata hiyo kabla ya fedha. Mauzo yapeleke benki au kwa wakala kila jioni.

Kumbukeni pia sheria. Silaha humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni hiyo si kibali cha kuwinda, na ukikutwa na nyama ya porini bila kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakuhusu.

Bei ya shotigani moja ingesaidia kundi zima la wakulima. Fyekeni vichaka vinavyozunguka mashamba, limeni kwa kupakana, lindeni kwa zamu mkiwa na tochi na madebe. Kwa tembo, tundikeni kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Kiboko au tembo akiharibu mazao, toeni taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori ili tathmini ya kifuta jasho ifanyike. Bunduki hailindi shamba. Wanaolinda ni watu waliopangana zamu.