Darasa Lililogeuzwa: Nani Atamwashia Taa Mwanafunzi wa Kamatanda?

Wengi wetu tuliosoma katika shule za Likasi tunakumbuka jinsi siku ya shule ilivyokwenda. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Kengele inalia kabla hajamaliza, naye anaacha mazoezi ya kufanya nyumbani. Jioni mwanafunzi anafungua daftari, anakwama kwenye zoezi la kwanza, na hana wa kumuuliza. Baba amerudi kutoka mgodini amechoka, mama hakufundishwa hesabu za namna hiyo, na mwalimu anakaa mbali. Kesho yake ubao unafutwa, somo jipya linaanza.

Siku hizi walimu wengi wanazungumzia njia nyingine, ambayo kwa Kifaransa huitwa classe inversée, yaani darasa lililogeuzwa. Maelezo ya somo mwanafunzi anayapata kwanza akiwa nyumbani, kwa video, kwa sauti au kwa maandishi. Saa za darasani zinatumika kufanya mazoezi, kuulizana na kujadiliana, mwalimu akiwa karibu. Tunataka kulitazama jambo hili tukimfikiria mwanafunzi wa Kamatanda, kwa sababu linagusa shule zetu za Kiprotestanti moja kwa moja.

Wazo lilitoka wapi

Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia katika mji mdogo wa Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walikuwa na shida ya wanafunzi kukosa masomo. Vijana walisafiri mbali kwa ajili ya michezo, wakarudi wakiwa nyuma ya wenzao. Walimu hao wakaanza kurekodi masomo yao. Baadaye waligundua jambo kubwa zaidi: mwanafunzi anamhitaji mwalimu hasa pale anapokwama, kuliko wakati wa kusikiliza maelezo. Kwa wale wasiokuwa na intaneti nyumbani, waliweka masomo kwenye diski na kwenye flashi.

Katika Kamatanda pia wanafunzi hukosa masomo, ila kwa sababu tofauti: malaria, ada ambayo haijalipwa, au kazi kwenye machimbo ya shaba na kobalti.

Je, njia ya kumfanya mwanafunzi ashughulike darasani inafaa? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni. Mahali ambapo mwalimu alihutubia tu, karibu wanafunzi 34 katika kila 100 walishindwa. Mahali ambapo wanafunzi walifanya kazi na kujadiliana, walioshindwa walikuwa karibu 22 katika kila 100.

Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Harvard, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Hotuba nzuri ya mwalimu iliwapa hisia ya kuelewa, na kuhangaika na zoezi kuliwapa hisia ya kushindwa. Ndiyo maana wanafunzi wanaoanza njia hii mara nyingi hulalamika: "Mwalimu hafundishi, anatuachia sisi kazi yake." Tusilidharau lalamiko hilo. Anayehangaika anahitaji mtu wa kumwambia mapema kwamba kuhangaika huko ni sehemu ya kujifunza.

Ndugu zetu wa Kiziba

Tuna mfano wa karibu zaidi. Nchini Rwanda, programu ya Kepler ilianza Kigali mwaka 2013. Wanafunzi walitazama masomo ya vyuo vikuu vya nje kwenye kompyuta, kisha wakakutana na walimu wao kwa majadiliano na kazi za vikundi, wakielekea kupata digrii ya chuo cha Southern New Hampshire cha Marekani. Mwaka 2015 programu hiyo ilifika katika kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, ambako wakimbizi kutoka Kongo wanaishi tangu 1996.

Vijana wa Kongo, waliokulia kambini, walisoma kwa njia hii. Lakini tuangalie walichopewa. Hawakuambiwa tu, "Nendeni nyumbani mkatazame video." Walipewa kompyuta, intaneti, na mahali pa kukaa na kusoma. Ile sehemu inayoitwa "nyumbani" iliandaliwa kwa uangalifu kama ile ya darasani. Mtu akichukua njia hii na kuacha maandalizi hayo, amechukua nusu tu.

Nyumbani ni wapi?

Tuchukue msichana wa sekondari wa Kamatanda. Anatoka shuleni, anateka maji kwa bidoni, anapika bukari, anawaogesha wadogo zake. Giza linaingia, na umeme umekatika. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira hayako mbali na Likasi, nayo kwa miaka mingi yamepeleka nguvu kwenye migodi na viwanda, lakini katika lupango yao wanatumia mshumaa. Simu ya kuonyesha video ni moja, ya kaka yake, na mega zinagharimu. Tunakumbuka pia kodi ya RAM, iliyoanza mwaka 2020 na kukatwa kwenye unite za watu mpaka ilipoondolewa mwaka 2022: simu ya 3G au 4G ilidaiwa dola 7 kwa mwaka. Kwa familia inayohesabu kila franka, simu haiwezi kuchukuliwa kama daftari.

Hapo tunaona hatari. Katika darasa la zamani, aliyekosa taa jana na aliyekuwa nayo wote wanaanza na ubao mmoja. Katika darasa lililogeuzwa, asiyekuwa na taa anaingia mikono mitupu mbele ya wenzake. Umaskini wake unaonekana, na pengine unaadhibiwa kama uvivu. Yaliyotokea mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Covid-19 na masomo yakapelekwa kwa redio na televisheni, yalitufundisha hivyo hivyo: mwenye redio na muda alifuata, asiye navyo alibaki nyuma.

Lakini tusiharakishe kusema, "Basi tuendelee na zamani." Njia ya zamani nayo inategemea taa ya nyumbani. Tena inapeleka nyumbani sehemu iliyo ngumu zaidi, yaani mazoezi, mahali ambapo mtoto wa mwalimu au wa daktari ana wa kumsaidia, na mtoto wa mchimbaji hana. Tofauti ni kwamba huyu wa pili anashindwa kimya kimya, mpaka matokeo ya Examen d'État yatangazwe. Darasa lililogeuzwa linaleta sehemu ngumu mbele ya mwalimu na kuacha iliyo nyepesi zaidi kwa mwanafunzi mwenyewe. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma, hilo lingekuwa haki zaidi, kama tu atapata saa moja yenye mwanga na utulivu. Swali letu ni nani atampa saa hiyo.

Kanisa si mtazamaji

Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za Kongo zinasimamiwa na makanisa huku Serikali ikiwajibika kwa mishahara ya walimu. Shule za Kanisa la Kristo katika Kongo zimo humo. Mwaka 2019 elimu ya msingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa, kama Katiba ya 2006 inavyosema, madarasa yalijaa, na walimu waliubeba mzigo huo. Vyuoni, mfumo wa LMD unaoenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022 unahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake. Kwa hiyo kugeuza masomo kumekwisha kuanza, hata kama hatukuita hivyo. Kijana wa Kamatanda atakayefika Chuo Kikuu cha Likasi au chuo cha Wamethodisti cha Mulungwishi atatakiwa kujisomea. Afadhali azoee mapema.

Nasi tunacho kitu ambacho wengi hawana. Majengo yetu ya ibada hukaa tupu jioni nyingi za juma. Katika misheni nyingi za kwanza za Katanga, jengo la ibada ndilo lilikuwa darasa pia. Tunapendekeza mambo machache, ambayo parokia yoyote inaweza kuanza nayo.

Kwanza, jioni mbili au tatu kwa juma, kanisa lifunguliwe kwa wanafunzi wote, wa dhehebu lolote, likiwa na taa za jua na mtu mzima wa kusimamia. Wazazi waelezwe, ili wasichana nao waruhusiwe kufika, na warudi nyumbani kwa kundi.

Pili, tusianze na video. Ukurasa mmoja wa fotokopi, au sauti ya mwalimu kwenye kadi ya kumbukumbu inayochezwa kwa spika, unatosha. Katika vyuo vyetu silabusi inauzwa tangu zamani, kisha profesa anakuja kuisoma kwa sauti tena. Wanafunzi waisome kabla, na saa ya darasa itumike kwa maswali.

Tatu, maandishi ya Kifaransa yajadiliwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake sheria ya Ohm kwa lugha ya nyumbani ameielewa. Kisha aiandike kwa Kifaransa cha mtihani.

Nne, mwalimu asilazimishwe kugeuza kila kitu. Somo moja kwa juma linatosha kwa mwanzo. Na asiyeweza kujiandaa apewe dakika kumi na tano za kusoma mwanzoni mwa kipindi, bila kuaibishwa.

Hata hivyo tuwe wakweli. Taa ya kanisa haitamlipa mwalimu mshahara wake, wala haitamtoa mtoto kwenye mashimo ya mgodi kama nyumbani hakuna chakula. Hayo tuendelee kuyadai kwa Serikali na kwa makampuni yanayochimba ardhi yetu, bila kuchoka. Lakini kufungua mlango wa kanisa saa kumi na moja jioni kunahitaji tu ufunguo na mtu wa zamu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunamkuta mtu wa Ethiopia akisoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake. Alikuwa amekwisha kusoma peke yake, na alikuwa amekwama. Filipo hakuanza na hotuba. Alimuuliza kama anaelewa, akapanda, akaketi karibu naye, akaanzia pale pale alipokwama. Mtu yule alikuwa tajiri, mwenye kitabu chake na gari lake. Watoto wetu wa Kamatanda hawana kitabu wala gari, kwa hiyo kazi yetu ni kubwa kuliko ya Filipo. Baraza la parokia lako litakapokutana juma hili, ulizeni swali moja: kanisa letu linafanya nini siku ya Jumanne jioni?