Kabla ya kuchimba karo, iulize ardhi
Na Afisa Tabibu, Mwanza



Muislamu anapojenga choo humwambia fundi ahakikishe hakielekei Qibla. Ni jambo jema. Lakini ni wachache wanaouliza swali la pili: majitaka yakishaingia shimoni, yataelekea wapi? Kwetu sisi wa Mwanza swali hili ni zito, kwani mji wetu umekaa juu ya mawe na kandokando ya ziwa.

Wengi hudhani karo ndilo linalosafisha majitaka. Sivyo. Karo hutuliza tu. Uchafu mzito hukaa chini, na maji yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya bado yana vijidudu tele. Kuyachuja ni kazi ya udongo. Pasipo na udongo wa kutosha, hata karo la zege ghali halitamwokoa jirani yako.

Kule milimani, kama Mabatini, Igogo na Isamilo, unachimba kidogo unagonga jabali. Jabali halichuji, majitaka hufuata nyufa zake na kutokeza kwa watu wa chini. Huku ufukweni tatizo ni maji kuwa karibu. Ziwa likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2020 na tena mwaka 2024, maji ya ardhini nayo hupanda, na shimo lililokuwa kavu wakati wa kiangazi huungana na kisima.

Basi pima kwanza, tena pima wakati wa masika. Chimba shimo la majaribio lishuke mita moja na nusu hadi mbili chini ya kitako cha shimo la kunyonya unalolikusudia. Ukikuta mwamba au maji, hapo hapafai. Pakiwa salama, chimba kijishimo cha upana wa sentimita 30 kufikia usawa wa kitako hicho, kijaze maji na ukiache usiku kucha. Kesho yake jaza tena, simamisha rula, tazama saa. Maji yakishuka sentimita mbili na nusu kabla ya dakika moja kwisha, udongo huo unapitisha mno, hauchuji. Saa nzima ikipita hayajashuka kiasi hicho, majitaka yatafurika juu. Kisima nacho kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimoni, upande wa juu wa mteremko. Penye mwamba wenye nyufa hata umbali huo usiuamini.

Utasema, "Kiwanja changu ni kidogo, nifanyeje?" Jenga tangi lisilovuja, linyonywe na gari. Au, mabomba ya majitaka ya MWAUWASA yakipita karibu, jiunge nayo. Gharama yake haifikii gharama ya kuuguza nyumba nzima.

Madrasa tulifundishwa kwamba maji mengi yakiingiwa na najisi tutazame rangi, ladha na harufu. Kimelea cha kipindupindu huweza kuwamo bila kubadilisha hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Mtu anasukutua kwa maji meupe kabisa, anaswali, na usiku anaanza kuharisha. Kipindupindu kilichoanza nchini Agosti 2015 kilifika Mwanza, na mapema mwaka 2024 kikarudi Kanda ya Ziwa.

Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Maoni yangu ni kwamba anayechimba bila kupima anaikaribia hatari hiyo hiyo, ila yeye tendo lake limefichwa na vigae. Na anayesubiri mvua kubwa ili atapishe choo chake, huyo hana hata cha kujifichia.

Tuanze na misikiti yetu. Mingi ina kisima na vyoo katika ua mmoja. Kamati zipime umbali, na maji ya udhu yasipelekwe kwenye karo la choo, maana wingi wake huusukuma nje uchafu kabla haujatulia. Usafi wa kweli ni pamoja na ule wa jirani ambaye hutamwona akiteka maji.

Wabillahi tawfiq.