NDEGE WA MBIZI WASIKOSE MAKAO

Uwanda wa juu wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Msafiri aweza kwenda mwendo mrefu pasipo kukuta kivuli cha mti wa asili. Ndiyo maana Msitu wa Mbizi, ulioko milimani juu ya mji wa Sumbawanga, si kichaka cha kupuuzwa. Ni mabaki ya misitu ya milimani ya nchi hiyo, makao ya mbega wekundu na ya ndege wasioweza kuishi penye nyasi tupu.

Wapo waulizao: ndege wana faida gani kwa mwananchi atafutaye kuni na shamba? Swali hilo ni la haki na lastahili jibu. Ndege walao matunda, kama shorobo, humeza matunda na kudondosha mbegu mbali na mti mzazi. Hao ndio wapandaji wa msitu wasiodai mshahara. Msitu nao hupokea mvua na kuitoa polepole katika vijito vinavyonywesha watu na kuteremka bonde la Ziwa Rukwa.

Adui mkubwa ni moto wa kiangazi. Huwashwa ili ng'ombe wapate majani mabichi, kisha hupanda mlimani na kula ukingo wa msitu. Ndege wengi wa msituni hawathubutu kuvuka mbuga. Msitu ukikatika vipande, hubaki kama wafungwa, na mbegu hazivuki.

Asiseme mtu kwamba mkulima hawezi kuishi bila moto. Wafipa tangu zamani hufukia nyasi katika matuta zikaoza kuwa mbolea, wala hawakungoja majivu ya miti. Hekima hiyo ni yao wenyewe.

Mbizi leo ni hifadhi ya mazingira asilia, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji nafasi ya kushiriki katika utunzaji wa misitu. Lakini sheria haizimi moto. Hapana budi vijiji vifyeke njia za kuzuia moto kabla kiangazi hakijakolea, na halmashauri zitoe miche ya miti ya kuni ipandwe karibu na nyumba. Kumkataza mama kuni bila kumwonyesha pa kuzipata ni dhuluma, na dhuluma haijapata kuhifadhi msitu.

Viongozi watangulie, wananchi wafuate. Msitu ukinyamaza, vijito navyo vitanyamaza.