Stimpanki si magurudumu ya kubandika

Kwani ukibandika magurudumu ya saa kwenye kofia, tayari wewe ni mtu wa stimpanki? Zii, mse. Mtindo huu, unaowazia dunia inayoendeshwa na mashine za mvuke, huanzia kwenye mshono wa nguo za Uingereza ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901: kizibao cha kubana, koti refu, sketi pana.

Wapo watakaokwambia hizo ni nguo za mkoloni. Kweli kabisa. Reli ya mvuke iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 ndiyo iliwaleta walowezi. Lakini nani kasema uzivae walivyozivaa? Mwaka 1985 Vivienne Westwood alichukua krinolini, ile sketi ya fremu ya enzi hizo, akaikata ikawa fupi ya kuonyesha mapaja. Hapa Nairobi, Cyrus Kabiru huunda miwani kwa vyuma vilivyotupwa.

Kwa hivyo usiagize vazi zima mtandaoni. Ingia Gikomba, chagua koti lililokaa vizuri mabegani, mpelekee fundi apunguze kiuno na kutia vifungo vya shaba. Nguo ya mkoloni ikishakatwa kwa kipimo chako, ni yako.